Miezi mitatu ya utafiti wa malaria Uganda: namna ya kujipanga

Miezi mitatu ya utafiti ni wiki sita. Hesabu hiyo nilifundishwa na mganga mfawidhi wa kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Nilikuwa na siku nne tu tangu nivuke mpaka, nikamwonyesha kwa fahari ratiba yangu ya wiki 13. Akaitazama, akacheka kwa adabu, akachukua kalamu na kuanza kufuta. Wiki mbili za barua na kujitambulisha. Moja ya kuwafundisha wasaidizi, nyingine ya kujaribu dodoso na kulirekebisha. Mbili za mwisho za kusafisha data na kuaga. Na moja, akasema, ya mvua, misiba na homa yako mwenyewe. "Zilizobaki ndizo zako, mwalimu."

Hapo kila mtu aliyesoma ni mwalimu, hata kama bado anaitafuta shahada ya uzamili kwa jasho kama mimi.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayekwenda Uganda katika dirisha la Juni hadi Agosti, ambalo wafadhili wengi hulipenda kwa sababu linaoana na likizo za vyuo vya Ulaya na Marekani. Nitazungumzia zaidi malaria kwa kuwa ndiyo niliyoifanyia kazi, lakini vibali, lugha na sampuli havibadiliki sana ukienda kwa ajili ya kichocho au kifua kikuu.

1. Desemba: tafuta mwenyeji kwanza, swali baadaye

Wengi huanza na swali zuri, kisha wanahangaika kutafuta taasisi ya kulipokea. Geuza. Angalia nani anafanya nini, halafu uombe kipande cha kazi ndani ya mradi unaoendelea. Uganda ina wenyeji wa uhakika. Entebbe kuna taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano. Ni katika kazi hiyo ya homa ya manjano ndipo mwaka 1947 virusi vya Zika vilipopatikana kwa tumbili aliyewekwa ndani ya kizimba juu ya mti, katika msitu wa Zika, jirani na Entebbe. Kampala kuna Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere. Magharibi kuna Chuo Kikuu cha Mbarara. Kusini, karibu na mpaka wa Mutukula, kuna mradi wa Rakai, eneo ambalo UKIMWI uligunduliwa mapema miaka ya 1980 na wananchi wakauita "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu.

(Majina ya magonjwa ya kanda hii yametoka vinywani mwa wenyeji. Chikungunya ni neno la Kimakonde, kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. O'nyong-nyong ni neno la Kiacholi, la mwaka 1959. Zote mbili zinaeleza maumivu ya viungo kuliko kamusi yoyote ya kitabibu.)

Ukishapata mwenyeji, punguza swali. Mimi ni mtu wa Bukoba, na nilitaka kufuatilia usugu wa vimelea dhidi ya artemisinin, kiungo kikuu cha dawa ya mseto ya malaria. Mabadiliko ya jeni ya kelch13 yameonekana kaskazini mwa Uganda, ambako mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo kutoka Gulu, na badiliko la aina nyingine limeonekana kwetu Kagera na Rwanda. Swali zuri, lakini uchunguzi wa jeni hauishi ndani ya miezi mitatu. Msimamizi wangu akanipa ushauri nisioupenda: tasnifu isimame juu ya hadubini na dodoso, majibu ya jeni yakija baadaye yawe ziada. Alikuwa sahihi, na majibu yalikuja baadaye kweli.

2. Januari hadi Mei: vibali

Hapa ndipo safari nyingi hufia, kwa hiyo fuata mpangilio. Chuo chako kinapitisha pendekezo. Kisha kamati ya maadili ya Uganda, iliyoidhinishwa nchini humo, inalipitisha. Taasisi mwenyeji itakuambia ni kamati ipi. Baada ya hapo ndipo unaposajili utafiti kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Baraza halitakusikiliza bila barua ya kamati, na kamati itakurudishia maswali angalau mara moja. Kila hatua ina ada yake, na ada ya mwanafunzi huwa tofauti na ya mradi mkubwa, kwa hiyo jitambulishe kuwa mwanafunzi tangu fomu ya kwanza.

Mambo matatu huwarudisha nyuma wanafunzi mara kwa mara. La kwanza ni watoto: mzazi anatoa ridhaa, lakini mtoto wa miaka 8 na kuendelea naye anaulizwa kama anakubali, na fomu yake ni tofauti, yenye maneno mepesi. La pili ni mtu asiyejua kusoma: anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wako wa utafiti. La tatu ni sampuli kuvuka mpaka. Ukitaka kubeba hata kadi moja ya damu (karatasi maalumu yenye matone ya damu yaliyokaushwa) kuja Dar es Salaam, unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili pamoja na kibali cha Baraza, na utaulizwa kwa nini kipimo hicho hakiwezi kufanyika Uganda. Kwa miezi mitatu, ushauri wangu ni usisafirishe kitu. Pima huko huko, rudi na data.

Kumbuka pia kwamba Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019. Majina yakae kwenye daftari moja lililofungiwa kabatini, dodoso libebe namba tu.

3. Mwili wako

Chanjo ya homa ya manjano: kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na dozi moja inatosha maisha yote. Ukigusa damu unahitaji chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida ina dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini nimesema uanze Desemba.

Usijidanganye kwamba umeizoea malaria kwa sababu ulikulia nayo. Kinga ya utotoni hupungua ukikaa mjini miaka mitano. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, hata kama nyumba ya wageni ina nyavu madirishani. Ukijichoma sindano au lanseti (kichomeo cha kutobolea kidole) iliyotumika, osha kwa sabuni na maji, toa taarifa saa ileile. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na hunywewa siku 28. Siku ya kwanza kituoni uliza zinahifadhiwa wapi na nani ana ufunguo wa kabati Jumapili.

Ukipelekwa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, usikanyage maji ya ziwa ukiwa peku. Sisi tukisikia kichocho tunawaza mkojo wa damu, lakini kile kilichotapakaa kandokando ya Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, na hakikupi ishara ya mapema.

4. Kufika

Anayetoka Dar anaweza kupitia Nairobi akaingilia Malaba, ambako Tororo ni jirani. Anayetoka Kanda ya Ziwa anapitia Mutukula na Masaka hadi Kampala, kisha anasafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda mashariki. Mtanzania hahitaji viza, lakini usiseme mpakani kwamba unatembea tu. Sema utafiti, toa barua ya mwenyeji, na ufuate utaratibu wa pasi ya kukaa ambao mwenyeji wako atakuelekeza.

Usipange kuanza kazi wiki ya kwanza ya Juni. Tarehe 3 ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanamiminika Namugongo kwa miguu kutoka hadi ng'ambo ya mipaka. Tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa. Katikati yake ofisi ziko wazi, wenye mihuri hawapo.

Mihuri yenyewe inafuata ngazi. Barua ya Baraza unaipeleka kwa RDC, ambaye ndiye sawa na mkuu wa wilaya kwetu, kisha kwa afisa wa afya wa wilaya, kisha kwa mganga mfawidhi wa kituo (wao humwita "inchaji"), na mwisho kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1. Usimruke huyu wa mwisho kwa kuwa cheo chake ni kidogo. Siku watu watakaposema kuna mgeni anayechukua damu za watoto, hakuna atakayempigia RDC. Watakwenda kwa LC1, na jibu lake ndilo litakaloamua kama kesho unarudi kijijini hapo. Mimi nilimkuta wangu akipalilia mihogo. "Shikamoo mzee," nikamwambia. Akaitika "marahaba" ya kijeshi kabisa, maana aliwahi kuwa askari, na Kiswahili chake kilitoka kambini. Mazungumzo yetu ya kibali yalichukua dakika kumi, ya mihogo saa nzima. Usiharakishe ya mihogo.

5. Lugha, na hapa usibane matumizi

Tuseme ukweli, sisi Waswahili tuna kiburi kidogo tukivuka mpaka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Ukiwa Malaba, madereva wa malori, wabadilisha fedha na mama wa chapati wote utaelewana nao. Unadhani umemaliza.

Nenda sasa kliniki. Wagonjwa wengi wa malaria ni watoto wadogo, na wanaowaleta ni mama zao, ambao nyumbani wanazungumza Kidhopadhola, Kiteso au Kisamia. Kiswahili wanacho wanaume waliosafiri, wafanyabiashara na wastaafu wa jeshi. Ukiuliza maswali kwa Kiswahili, lugha yako itakuchagulia wagonjwa: utapata madereva wengi na mama wachache, halafu utaandika kwenye tasnifu kwamba malaria ya Tororo inawapata zaidi watu wa barabarani. Na ukienda Uganda ya kati, kwa Waganda wa umri mkubwa Kiswahili bado kinawakumbusha askari wa enzi mbaya. Anza na "wasuze otya nnyabo" hata kama matamshi yako ni ya kuchekesha. Yakiwa ya kuchekesha ndiyo vizuri zaidi.

Kwa hiyo ajiri msaidizi mwenye lugha ya mama ya mahali hapo, ikiwezekana mwanamke, na umlipe vizuri kuliko ulivyopanga. Kisha fanya tafsiri ya kwenda na kurudi: mtu mmoja anatafsiri dodoso, mwingine ambaye hajaona asili yake anairudisha. Utastaajabu. Fomu yangu ya Kiswahili kwa watu wa Malaba iliandikwa "kushiriki ni kwa kujitolea". Dereva mmoja akaniuliza, "Nijitolee kufanya kazi gani, bosi?" Nikafuta, na baada ya kamati kuyakubali mabadiliko, tukaandika: "Ukikataa, utatibiwa vilevile." Hakuna aliyeuliza tena.

Neno lenye hatari kuliko yote ni malaria yenyewe. Kwa Kiganda, omusujja ni joto la mwili na ni malaria pia, mpaka mtu aongeze kwamba ni ya mbu. Kwetu hali ni hiyohiyo, mtu akisema "nina malaria" anaweza kuwa na mafua. Siku ya kujaribu dodoso tuliuliza, "Mwaka huu umeugua malaria mara ngapi?" Tukajibiwa "kila mwezi" na watu watano kati ya wanane. Tukalivunja swali vipande. Mara ya mwisho mwili kuchemka ni lini? Ulitolewa damu kupimwa? Ulipewa dawa gani? Kwa hilo la dawa, usiseme "dawa ya mseto", hakuna atakayekuelewa. Weka mezani pakiti tupu za dawa zinazouzwa madukani, mtu aonyeshe kwa kidole.

Tarehe nazo hazikumbukwi kwa kalenda. "Kabla ya Mashahidi au baada?" inajibika, "Mei au Juni?" haijibiki. Tulitengeneza karatasi ya matukio ya eneo lile: sikukuu, mavuno ya mtama, kufunguliwa kwa shule. Jambo moja tu utakalolikuta rahisi ni saa. Wao kama sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Lakini kwenye fomu andika mtindo wa saa 24, vinginevyo mchambuzi wako wa Ulaya atakuta wagonjwa waliopimwa usiku wa manane.

6. Kliniki

Wagonjwa huja asubuhi. Kufikia saa saba mchana ukumbi ni mtupu. Siku ya gulio hawaji, na Ijumaa wahudumu wanaandika ripoti. Ukipata wagonjwa 8 wanaofaa kwa siku, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 6, unao 192. Mimi pendekezo langu lilisema 400. Heri uandike 180 ukafika, kuliko kueleza mbele ya jopo kwa nini hukufika nusu. Tena malaria mashariki hupanda baada ya mvua za Machi hadi Mei, hivyo Juni watu wamejaa na Agosti wanapungua. Usitumie wiki zako nzuri kurekebisha programu ya kishikwambi.

Kipimo cha haraka kinachotumika sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtoto aliyetibiwa siku kumi zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili, yaani kipimo kinasema ana malaria, huku tatizo lake la leo ni nimonia. Ndiyo maana swali la dawa za mwezi uliopita lina uzito, na ndiyo maana slaidi za damu za hadubini zisomwe na wataalamu wawili wasioonana, wa tatu akiamua wakitofautiana.

Uliza pia lini nyumba ilipuliziwa dawa ukutani. Tororo ilianza kupuliziwa mwishoni mwa 2014 na malaria ikashuka sana. Usipojua historia hiyo ya ukuta, nyumba mbili jirani zitakuchanganya.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, kubaliana na inchaji: atakayekutwa na vimelea atapata dawa leo. Na zikiisha kituoni? Weka fungu la kununua dozi kwenye bajeti. Mambo ya posho nayo yamalizwe mapema na yaandikwe, nani anapata kiasi gani na kwa kazi ipi, maana muuguzi anayekusaidia bure wiki ya kwanza ana haki ya kukuchoka wiki ya tatu. Washiriki tuliwapa nauli na mche wa sabuni, kama kamati ilivyoruhusu.

7. Matone ya damu

Onyesha kadi kabla ya kuonyesha lanseti. "Matone matatu tu, yanakaa hapa," huku mama anaona miduara ilivyo midogo. Uvumi wa kuuza damu haufi, lakini haushibi penye kadi inayoonekana.

Kukausha ndiko kulikoniumiza. Kadi ya damu inatakiwa ikauke kabisa, usiku mzima kama hewa ina unyevu, mbali na jua na nzi, ndipo iingie kwenye mfuko wake wenye chembe za kunyonya maji. Wiki ya pili ya kazi mvua ilinyesha mchana kutwa, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi pikipiki ya mwisho kurudi mjini. Nikazifungasha zikiwa na unyevunyevu. Baada ya siku tano nilipofungua, chembe zilizokuwa za buluu zilikuwa zimegeuka waridi, na kadi 19 zilikuwa na ukungu wa kijani. Kosa langu, si la mvua. Tangu hapo kila jioni niliangalia rangi ya chembe kama mtu anavyoangalia maziwa jikoni, na hakuna kadi iliyotoka kituoni kabla ya asubuhi.

Umeme utakatika. Chagua sampuli zinazovumilia joto la chumba, na kama lazima ugandishe, jua jenereta ni ya nani na mafuta ni ya nani.

8. Mlipuko ukitokea

Septemba 2022 Ebola aina ya Sudan ilitangazwa Mubende, Januari 2025 ikatangazwa Kampala. Mlipuko ukitokea, utafiti wako unasimama; wahudumu wana kazi kubwa kuliko dodoso lako, na mtu mwenye homa si wa kuchomwa kidole na mwanafunzi. Andika tangu mwanzo utafanya nini, kwa mfano kuchambua rejesta za miaka iliyopita, na uiombe kamati kibali cha kutumia rejesta hizo wakati uleule wa maombi ya kwanza.

9. Wiki mbili za mwisho

Acha kuandikisha wagonjwa hata kama bado wanakuja. Kaa na msaidizi wako mpitie fomu moja moja wakati bado anakumbuka kwa nini yule mama wa Jumanne hakumaliza. Ukiwa Dar, hutapata wa kumuuliza.

Kisha rudisha majibu. Tulikutana chini ya mwembe wa kituo, wahudumu sita, LC1 na timu ya afya ya kijiji, mimi na karatasi ya manila iliyochorwa kwa kalamu ya wino mzito: wangapi walipimwa, wangapi walikuwa na vimelea, wangapi walikuwa wameshakunywa dawa kabla ya kuja. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozua mjadala, wakasahau kwamba mimi nipo. Nunua soda na chapati za kutosha, na usikae mbele.

Nakala ya ripoti ipeleke kwenye kamati na kwenye Baraza, nyingine kwa afisa wa afya wa wilaya. Ya kituo ibandike mwenyewe kwa selotepu ukutani, chumba cha maabara, kabla hujapanda pikipiki. Ukimwachia mtu mkononi itaingia kwenye droo.